Dunia Inayovuta kwa Arobaini

Profesa hakuwa profesa. Alikuwa mpiga pasi katika duka la dobi la mjomba wake, na jina hilo alibandikwa na Mama Povu, mfuaji, siku alipomfuma amejibanza nyuma ya lundo la mashuka, simu usoni, akitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Alikuwa anasoma Fizikia kwa Wanaoanza, kozi ya mtandaoni ya chuo kikuu fulani cha mbali. Ni ya bure kabisa, ukiacha bando, macho, na ile heshima kidogo uliyokuwa nayo kazini.

Shuleni fizikia ilimpa alama ambayo mama yake huitaja kwa kunong'ona mpaka leo. Sasa chuo cha ufundi kilikuwa tayari kumpokea asomee kutengeneza mashine za hospitali, mradi alete cheti cha kozi hii kufunika ile aibu. Maombi yalikuwa yanafungwa kesho asubuhi, na zoezi la mwisho la kozi lilikuwa linafungwa leo saa kumi na mbili jioni. Unaruhusiwa kujibu mara tatu, na mbili alishazichezea.

Zoezi lenyewe lilikuwa rahisi mpaka linaudhi. Kwenye video, mhadhiri anaachia mpira kutoka alama ya mita tano ukutani. Wewe unapima kwa saa ya simu mpira unachukua muda gani kufika chini, mara kumi, kisha unakokotoa dunia inauvuta kwa kiasi gani. Walimwengu wote hupata kumi, au pungufu kidogo. Profesa alipata arobaini. Akarudia, safari hii kwa umakini wa mtu anayetia uzi kwenye sindano, akapata arobaini na moja.

"Arobaini?" mjomba akauliza, akitundika koti la mteja. "Ndiyo maana nikiamka asubuhi naona mwili mzito."

"Mjomba, sina muda wa utani. Saa kumi na moja hii."

"Utani gani, mwanangu? Mimi niko upande wako. Waandikie wenye dunia wapunguze."

"Labda huko kwao ndivyo inavyovuta," Mama Povu akachangia kutoka kwenye beseni. "Nchi za watu hizo, huwezi kujua."

Mjomba akasogea karibu, akashusha sauti kama anauza kitu cha magendo. "Si uandike kumi tu? Jibu unalijua, chuo kinalijua, na mimi mwenyewe naanza kulijua."

Profesa alilitazama lile jedwali tupu kwenye simu, safu kumi za kujaza. Kuzijaza sekunde mojamoja za kutunga ilikuwa kazi ya dakika mbili. Kidole kikabaki hewani.

"Siku nikitengeneza mashine ya kupimia mgonjwa dawa, niandike ninachokijua au inachosema mashine?"

"Inategemea mgonjwa ni nani."

Alifungua video upya, na mjomba, ambaye hakuwahi kuiona, akachungulia begani kwake.

"Huyu mwalimu wako anafukuzwa na nani?"

"Ni msomi, mjomba. Akili za wasomi zina mbio."

"Sawa. Na hayo maji anayokunywa, anazima moto tumboni?"

"Ana kiu."

Nyuma ya mhadhiri akapita bibi kizee mwenye mkongojo, kwa mwendo ambao askari wa gwaride wangeuonea wivu. Mjomba akamfuata kwa macho mpaka akatoka kwenye kioo.

"Na bibi naye msomi?"

Profesa akaitazama ile alama ndogo ya kasi kwenye kona ya video. Mapumziko yake ya mchana yalikuwa nusu saa, na kila somo lilikuwa la saa nzima. Wiki ya kwanza kabisa aliiweka video kwenye kasi ya mara mbili ili somo zima liishe kabla pasi haijamwita, na kwa wiki saba hakuigusa tena. Akaigusa sasa, akairudisha kwenye kasi ya kawaida. Mhadhiri, yule ambaye Profesa alimsifia kwa nyumba nzima kuwa ana ulimi mwepesi, akaanza kuongea kama mtu anayetafuta miwani yake huku amelala. Kati ya "kwa" na "hiyo" ungeweza kunyoosha shati la mikono mirefu.

Mjomba akashika pasi bila kuombwa, na kola za wateja zikaanza kutoka kama masikio ya ng'ombe. Profesa akapima upya mara kumi. Wastani ukawa sekunde moja na vipande viwili vya mia. Akakokotoa, akapata tisa nukta sita.

Kilichobaki kilikuwa kisanduku cha mwisho: eleza makosa ya upimaji wako. Msahihishaji angeyaona majibu yake ya kwanza, kwa hiyo alitakiwa aseme arobaini ilitoka wapi. Angeweza kusema kidole kilichelewa, kwani kidole hakina wa kukitetea. Akauma meno, akaandika: "Nilimtazama mhadhiri kwa kasi ya mara mbili tangu kozi ianze. Muda wangu ulitoka nusu. Kwa kuwa kwenye hesabu muda unazidishwa kwa wenyewe, jibu likatoka mara nne. Mhadhiri hana kosa. Anaongea polepole sana."

Akatuma. Dakika kumi na tano alizunguka duka akikunja vilivyokwisha kukunjwa. Saa kumi na mbili kasoro dakika tatu simu ikalia.

Msahihishaji alimpa alama mbili kati ya mbili za jibu, na nane kati ya nane za maelezo. Chini aliongeza kwamba wanafunzi wengine kumi na saba walileta arobaini, na wote walilaumu kidole. Cheti kilikuwa kimeambatishwa. Profesa akakituma chuo cha ufundi kabla hata hajakisoma, ndipo akakaa juu ya lundo la mashuka.

"Kwa hiyo umefaulu kwa kukosea," Mama Povu akasema.

"Kwa kukosea na kusema."

Mama Povu akakamua shuka, akalifikiria hilo mpaka tone la mwisho.

"Mimi ningetaja kidole," akasema.