Posa ya Msoma Vifo

Thadeo alipoingia tu sebuleni, mama mwenye nyumba aliifunika redio kwa kitambaa cha kufuma, kama watu wafunikavyo chakula wakisikia hodi ya mgeni wasiyemtarajia. Thadeo akamwamkia. Mama akaitikia marahaba huku akiangalia pembeni.

Hakushangaa. Asubuhi, basi liliposimama Dumila, alimuuliza mama muuza mahindi jina lake, kwa nia njema tu ya kuongea. Yule mama aliisikia ile sauti akanyamaza. Mwenzake ndiye aliyejibu: "Wewe si ndiye unayetuzika redioni? Huyu hana jina."

Sauti hiyo ilianzia kwenye masomo ya Jumapili katika kanisa la misheni, hapohapo Mamboya, kijiji hiki cha mlimani alikokuja leo. Baada ya Uhuru ikamfikisha Dar es Salaam, na wakuu wakaiona nzito, inafaa misiba. Tangu hapo, kila jioni alitaja marehemu, ndugu zake na siku ya mazishi. Sasa amefanywa mkuu wa kitengo, ana ofisi yenye feni na watu wa kuwatuma, lakini vifo bado anavisoma mwenyewe. Vijana walivisoma mbio kama bei za pamba, na hilo lilimuudhi sana.

Leo alikuja kumposa Katarina, mwalimu wa kisomo cha watu wazima katika kijiji cha ujamaa huko Kilangali. Walifahamiana Katarina alipokwenda Dar kurekodi vipindi vya kisomo. Thadeo alimpenda, na alijua akikataliwa hapa hatakuwa na ujasiri wa kubisha hodi kwingine.

Baba yake Katarina, Mzee Hezekia, hakuzunguka. Mdogo wake Danieli alifia kwenye mashamba ya mkonge Tanga, na redio ikamtangaza kabla barua haijapanda mlima.

"Sisi ndugu zake hatujajua, wewe umeshajua," alisema. "Ulijuaje?"

Thadeo alieleza kwamba habari za Tanga hufika Dar siku ileile kwa simu ya maandishi, ila za Mamboya hukaa Kilosa zikisubiri mtu wa kuzileta. Maelezo yalinyooka mno, na kwa mzee hiyo ikawa sababu nyingine ya kumshuku. Kornelio, mjomba wa Thadeo aliyekuwa mshenga, alijihadhari asitaje jina. Muda wote alisema "yule binti" tu.

"Nikikusikia unamtaja mwanangu," mzee alimwambia Thadeo, "nitatafuta pa kushika nisianguke. Simtoi."

Katarina alikuwa akisikiliza kwenye mlango wa jikoni. Akaingia, akasimama mbele ya baba yake.

"Baba, kila jioni unafukuza kuku mlangoni ili umsikie vizuri. Leo yupo hapa. Mwache anitaje."

Hakuna aliyeruhusu wala aliyekataza. Thadeo akavuta pumzi kama afanyavyo kazini, na kwa mara ya kwanza maishani akaiogopa sauti yake.

"Katarina," alisema.

Wote wakasubiri. Walizoea kwamba baada ya jina huja mahali, kisha ndugu, kisha lile neno, amefariki. Kornelio aliinamisha kichwa. Ulimi wa Thadeo wenyewe, Mungu amsamehe, ulikuwa tayari kuendelea, akaufungia mdomoni.

"Abee," Katarina akaitika.

Mzee Hezekia alikuwa bado ameinama, sikio amelitega, kama akaavyo jioni mbele ya redio.

"Mtaje tena," akasema.

Mama yake Katarina alikuwa amekishikilia kitambaa juu ya redio kwa mikono miwili, na hakukiachia.