Kopo la Vumbi

Makosa yalikuwa mawili: mimi kuandika VUMBI juu ya kopo, na mama mkwe wangu kujua kusoma.

Majirani humwita Mama Fagio, na jina hilo halimuudhi hata kidogo. Akija kututembelea, mapazia hufuliwa, makabati husogezwa, nami hujikuta nimekaa ukingoni mwa kiti changu mwenyewe. Kwa watu hunitambulisha kama "mke wa mwanangu," basi. Mume wangu alipomweleza kwamba nachunguza vumbi la angani, alijibu, "Si angeanza na la chini ya kitanda?" Nilikuwa jikoni, nasikia kila neno.

Kopo nililileta nyumbani kwa sababu bomba la maabara lilikuwa linavuja, na chembe za majaribio zilizokuwemo hazitaki unyevu. Asubuhi ile nilipolifuata nililikuta limepinduliwa juu ya taulo, linang'aa.

"Mama, vilivyokuwa humu viko wapi?"

"Si vumbi? Umeandika mwenyewe. Nimemwaga, nikaliosha kwa maji ya moto."

Nilitaka kulia, nikalia. Siku hiyohiyo mkuu wa kitivo alikuwa anakuja kuona mawimbi ninayoyatengeneza kwa vumbi hilo. Asipoyaona, chumba changu cha maabara kingegeuzwa stoo ya viti. Nikamweleza Mama yote hayo kwa sauti ambayo mkwe hatakiwi kuitumia, nikaondoka bila chai.

Mkuu wa kitivo alikuja na fundi seremala, tayari kupima mlango. Nilipitisha umeme kwenye gesi iliyokuwa ndani ya mtungi wa kioo, ikang'aa zambarau. Hiyo ndiyo plazma.

"Nzuri, kama taa ya saluni," akasema mkuu. "Na mawimbi?"

Nikaanza kumzungusha kwa habari za pete za Zohali na nyota zenye mkia, huko ambako vumbi na plazma huishi pamoja. Fundi akapiga miayo. Mara mlango ukagongwa. Alikuwa Mama Fagio, jasho linamtiririka, mkononi ana kopo la poda.

"Lako siwezi kulirudisha," alisema akihema. "Hili ni vumbi safi. Litafaa?"

Poda! Chembe zake hazilingani, moja kubwa, nyingine ndogo. Lakini nilikuwa nimeshakwama. Nikazima mtambo, nikatia poda kwenye kichujio ndani ya mtungi, nikaitoa hewa kwa pampu na kuwasha upya. Nikakitikisa kichujio. Chembe kubwa zikaanguka. Ndogo zikashika umeme, zikaelea, na nilipozimulika kwa leza likaonekana wingu jembamba. Kisha wingu likaanza kucheza: mstari mzito, mstari mtupu, mstari mzito, ikifuatana taratibu hata unaweza kuifuata kwa kidole.

Mkuu wa kitivo akabandika pua kwenye kioo.

"Mbona haziishii chini?" Mama akauliza.

"Umeme unazibeba, Mama. Na kila moja ina umeme wa aina ileile, kwa hiyo zinasukumana. Hii ikisogea inamsukuma jirani yake, naye anamsukuma wa mbele. Ndiyo wimbi."

"Zinasukumana, lakini haziachani."

"Zimefungiwa humo. Zitakwenda wapi?"

Akanitazama. "Kama mimi na wewe jikoni."

Mkuu alicheka mpaka miwani ikamdondoka. Alipoiokota akamwambia fundi viti vitafutiwe mahali pengine, na fundi akakunja futi yake.

Walipotoka, Mama alitoa leso. Pale alipobandika pua mkuu palikuwa na alama ya mafuta, na mkono wa Mama ulishaanza safari. Ukasita hewani.

"Hapa nifute, mwanangu, au nalo ni vumbi lako?"

Mwanangu. Nami hata sikuwa nimemwomba radhi kwa makelele ya asubuhi.

"Futa, Mama," nikasema. "La nje ni lako."