Nyasi Juu ya Mbao za Mvule

Leonsia alipojua kwamba wanahama, jambo la kwanza alilofanya ni kwenda kuliangalia lile doa. Lilikuwa palepale karibu na dirisha la upande wa ziwani, jeusi, pana kama sinia. Miaka mitano ya nta na kumbi la nazi haikuwa imelifuta.

Nyumba ile ya ghorofani, katikati ya mji wa Mwanza, yeye na mumewe Privatus, mwalimu, waliipanga mwaka hamsini na saba. Walitoka Kirumba, kwenye chumba cha sakafu ya udongo, na siku ya kwanza Leonsia alitembea peku juu ya mbao huku akicheka peke yake kama mwehu. Zilikuwa mbao za mvule, alizozipiga randa na kuzipanga marehemu Salehe, seremala, mume wa mwenye nyumba. Mjane wake, Bi Mwanaharusi, aliishi chini, na masharti yake yalijulikana mtaa mzima: viatu vibaki ngazini, nta kila Jumamosi, na maji yasiguse mbao. Mpangaji aliyetangulia alimwaga ndoo moja tu, na kesho yake magodoro yake yalikuwa barabarani. Bibi yule hakuwa na utani.

Ndipo mama yake Leonsia, Wilhelmina, akaja kwa meli kutoka Bukoba kuiona nyumba ya mwanawe. Alishuka na mkungu wa ndizi, na furushi la nyasi lililofungwa kwa kamba za mgomba. Leonsia aliliweka nyuma ya mlango, akalisahau. Mhaya kusahau nyasi! Kwao nyumba ya heshima hutandikwa nyasi, mgeni akaketi juu yake. Lakini yeye sasa alikuwa mtu wa mjini, na mji ulikwisha kumlevya.

Asubuhi alikwenda sokoni. Huku nyuma mama akazilowesha nyasi zilizonyauka safarini, zikarudi kunukia, akazitandika chumba kizima taratibu, kama anayemwandalia bibi harusi. Leonsia aliporudi alikuta maji yametuama kwenye mbao karibu na dirisha, na Bi Mwanaharusi, aliyedondokewa na matone huko chini, yuko tayari anapanda ngazi. Leonsia akashika ufagio, akafagia kama anayefukuza nyoka.

Bi Mwanaharusi alisimama mlangoni, akauliza kwa sauti ya chini ni nani aliyefanya vile.

"Ni bibi mmoja wa kijijini tu," Leonsia alisema. "Hajui mambo ya mjini."

Hakusema, "Ni mama yangu." Na mama alikuwa ameketi palepale, na Kiswahili chake cha kuokoteza kilitosha kabisa kuelewa. Alizikusanya nyasi zake, akazifunga tena, na keshokutwa yake akarudi na meli. Hakuja tena Mwanza. Alifariki mwaka wa Uhuru, kabla bendera haijapandishwa, na msibani Leonsia aliona haya hata kumlilia kwa sauti.

Sasa Privatus alikuwa amepewa nyumba ya chuo Butimba. Mizigo ilipokwisha kushushwa, Leonsia aliupeleka ufunguo chini, akaamkia, akaahidi kumleta fundi alipige randa lile doa. Bi Mwanaharusi alikataa, akamwambia aketi.

"Mama Odeta, unadhani kwa nini sikuwafukuza?"

Leonsia alisema siku zote alidhani ni huruma.

"Huruma ya wapi? Nilikwisha kuamua. Lakini mama yako aliteremka hapa asubuhi ya safari na zile nyasi zake, akanitandikia chumba hiki. Akaniomba kosa liwe lake, nyumba iwe yako. Akaniapisha nisikwambie maadamu ungali mpangaji wangu."

Leonsia alitazama sakafu ya saruji, pale nyasi zilipokuwa.

"Alikwambia kuwa mimi ni mwanawe?"

"Ndilo neno la kwanza alilosema."

Leonsia aliomba ufunguo arudi juu mara moja. Alivua viatu ngazini, akaingia kwenye chumba kitupu, akaketi juu ya lile doa. Akamlilia mama yake kwa sauti, na huko chini Bi Mwanaharusi akamwacha alie.