Mkono Uliokuja Kutia Saini

Jumanne asubuhi mke alikuwa akimfunga mumewe vifungo vya shati la kwendea ofisi ya kodi. Alikuwa amefika kifungo cha tatu mlango ulipogongwa mara mbili. Alipofungua, aliukuta mkono wa kulia wa mumewe umesimama kizingitini kwa vidole, kucha zimejaa grisi.

"Afadhali umekuja," alisema, akaufuta kwa kitambaa. "Malizia hivi vifungo, chai yangu inafurika."

Mkono ukamalizia. Kola ikakaa vizuri kuliko alivyoiweka yeye, na hilo lilimkera kidogo.

Mume alikuwa fundi wa kukata bati katika kiwanda cha ndoo. Pale ndani kelele ni za kuziba masikio, kwa hiyo anayelisha bati hugonga meza ya chuma mara mbili kumwambia mwenzake kwamba mikono imetoka, ashushe kisu. Mwaka juzi msimamizi, mtu wa ofisini asiyejua mambo ya mezani, alipita akagonga mara mbili kuwaita watu chai. Mkono wa mume ulikuwa bado chini ya kisu. Mwenzake akashusha. Ndoo zilikuwa za haraka, kazi haikusimama, na mkono haukutafutwa.

Kiwanda kilimlipa fidia ya kuumia kazini, na fidia haitozwi kodi. Watu wa pensheni ya ulemavu waliposikia habari za fidia, wakampunguzia pensheni kwa kiasi hichohicho. Akameza. Alijibana, akawa anaweka kidogo kidogo kwenye kopo la maziwa ya unga ili anunue mkono wa bandia. Kopo lilipokaribia kujaa, ofisi ya kodi ikamwandikia kwamba atatozwa kodi ya pensheni nzima, pamoja na ile sehemu iliyokatwa. Barua ile ilimuuma kuliko kisu, na alimwambia mkewe hivyo.

"Upeleke na huu," mke alisema, akautia mkono mfukoni mwa koti la mumewe. "Usije ukauangusha njiani."

Karani wa kodi alikuwa mama mpole mwenye mafua. Alimkaribisha kiti, akafungua faili.

"Dada, hiyo iliyokatwa mimi sijaishika hata siku moja."

"Najua, kaka yangu. Lakini iliyokatwa inahesabiwa kama uliipokea."

"Si wamenikata kwa sababu ya fidia? Na fidia si haina kodi?"

"Haina. Ila ikishakaa mahali pa pensheni, nayo inakuwa pensheni." Alipenga kamasi. "Sikuitunga mimi. Weka saini hapa kwamba umekubali. Usipoweka, na hiyo iliyobaki itasimamishwa."

Mume akaweka juu ya meza lile kopo la akiba, alilokuja nalo kulipia kodi. Kwa mkono wa kushoto akaandika jina lake, herufi zikaenda mrama. Karani akalinganisha na faili, akatikisa kichwa.

"Hailingani na ya zamani."

Basi akautoa mkono wa kulia mfukoni, akauweka kwenye fomu. Karani akausogezea kalamu. Mkono ukaandika bila kusita, kwa ule mkia mrefu wa mwisho ambao mume alikuwa ameusahau. Alitamani kuushika, lakini karani alikuwa anasubiri.

"Hiyo ndiyo yenyewe," karani alisema. "Sasa unaona, kaka? Kilichokatwa kipo."

"Naweza kurudi nao nyumbani?"

Karani alipekua kurasa mbili tatu. "Hapa mkono umeandikwa bado uko zamu. Saa nane mchana unatakiwa kiwandani."

Akalivuta kopo upande wake. Kisha akainyoosha fomu, akachovya muhuri kwenye wino, akauinua.

Mkono ulikuwa umemaliza kazi yake. Ukajiondoa kwenye karatasi, ukagonga meza mara mbili.

Mume akauvuta haraka ule wa kushoto, akauficha kifuani. Karani akashusha.