Machicha ya Munkoyo

Kuku hawana adabu ya kufa mmoja mmoja. Jumatatu walikufa sita, Jumanne tisa, na Jumatano Adolphine aliacha kuhesabu akaanza kuchimba. Jina hilo la Adolphine Serikali, iliyopiga marufuku majina ya Kizungu, ilikwisha kulifuta kwenye kitambulisho chake, lakini kuku hawasomi vitambulisho. Tangu mumewe, Mukuka, arudishwe kutoka kwenye tanuru la shaba na mapafu yaliyochoka, banda lile la nyuma ya nyumba ndilo lililowalisha wote saba, wao na watoto. Likinyamaza, watafunga mizigo kwenda Kilwa, ile ya kando ya ziwa, kwa shemeji, na shemeji yule ana mdomo mkubwa kuliko nyumba yake.

Dawa alikuwa amewapa. Unga wa njano wa kuzuia kuhara aliuchanganya kwenye maji yao tangu wakiwa vifaranga. Mwaka wa kwanza uliwaponya kwa siku moja, mwaka wa pili kwa wiki, na sasa waliunywa kisha wakaendelea kuhara. Halafu hata huo ukaadimika: tangu Serikali iwanyang'anye Wagiriki maduka na kuwagawia wananchi, dukani zilibaki rafu na muuzaji.

"Weye Mama Kunda!" Chileshe, jirani yake mpika munkoyo, kile kinywaji kichachu cha mahindi, alimwita juu ya ua. "Uko unazika kuku ama unapanda mihogo?"

"Chileshe, leo usinichekeshe. Kuku zinaisha."

"Njo maana nakuita. Kuku yangu inakulaka machicha ya munkoyo kila siku. Ulisha ona hata moja inahara? Tumbo ikiwa na uchachu, ugonjwa inakosa fasi ya kukaa."

"Na kama iko bongo, kama unanidanganya?"

"Kama iko bongo, utakuwa na kuku ya kufa. Sasa uko na nini?"

Adolphine akachanganya machicha yale ya mahindi yaliyochacha na pumba, akawalisha. Siku ya tatu kinyesi kikakaza. Siku ya tano jembe halikuguswa. Arobaini walikuwa hai, wakipigana vichwa kwenye chakula. Hata tisa dhaifu kati yao, aliowatenga jikoni, wakila kwenye chungu, walisimama.

Mukuka naye akataka kuwa na mkono katika baraka hiyo. Alipiga nyundo siku mbili nzima, akikohoa, mpaka bamba la shaba likawa hori linalong'aa kama sahani ya harusi.

"Kuku ya mufanyakazi ya shaba itakula mu mbao ya kuoza?" alisema.

Adolphine akacheka, mara ya kwanza mwezi ule. Kuanzia hapo ule uji mchachu ukawa unalala ndani ya hori, ili uchachuke zaidi.

Wiki haikwisha. Kuku wa bandani walijikunja, mbawa chini, na Jumamosi wote thelathini na mmoja walikuwa wamelala chali.

"Chileshe!" Mukuka alinguruma, akielekea kwenye ua wa jirani na fimbo. "Machicha yako ni sumu, mulozi weye!"

Adolphine akakimbilia jikoni. Tisa wake walikuwa wakidonoa machicha yaleyale, wazima. Akarudi kwenye hori, akakwangua pumba kwa ukucha. Chini yake shaba ilikuwa imeota kijani.

"Baba Kunda. Kuja uone."

Mukuka alitazama. Kijani kile alikijua. Kila uchachu wa asidi ulipogusa shaba kiwandani kilikuwa kikiota, na hakuna aliyethubutu kulamba kidole. Fimbo ikamtoka mkononi.

"Mimi njo niliziua," akasema polepole.

Adolphine akahesabu waliobaki. Kuku tisa, matetea watano tu. Hata wakitaga leo, hawalishi watu saba.

"Utaenda Kilwa na batoto," akasema. "Mimi nitabaki na hizi."

"Peke yako? Mupaka lini?"

"Mupaka zitage, zilalie, vifaranga zikomae. Usiniulize lini."

Mukuka, mtu ambaye hakuwahi kukubali neno kabla ya kulipinga mara mbili, aliingia ndani kutafuta kamba ya kufungia magodoro.