Ijumaa ya Wasio na Mtu

...unabisha, Godwin, hata huko chini ya migomba tulikokulaza umekwenda na ubishi wako, unataka kuniambia hospitali haiwezi kuwa na siku nzuri na siku mbaya kama gulio, wewe ulijua nini, wewe ulifia nyumbani ndani ya blanketi lako, hukuwahi kumsikia binti yako Rachel akiongea habari za thieta, chumba chao cha kupasulia watu, na kijiko mdomoni, nyamaza basi, mimi ndiye niliyekaa hapa juu ya kitanda cha magurudumu, tumbo tupu, gauni la kijani lisilo na mgongo, na tezi langu shingoni kama parachichi, na ninachokijua nimekisikia kwa masikio yangu, Jumapili baada ya ibada, jikoni kwangu, Rachel anakoroga loshoro, makande ya mtindi, na yule mwenzake Najim, mtu wa nusu kaputi, amekaa kwenye kigoda, kijana wa adabu, shikamoo bibi, marahaba, na Rachel anamwambia, mama yangu simpeleki Ijumaa, nampeleka Jumanne na wewe ndiye utakayemlaza, Najim anacheka, kila mtu na mama yake, anasema, hata shangazi yangu wa Kisongo nilimpitisha Jumanne, Ijumaa mimi sipo na nashukuru sipo, siku hiyo ni chumba cha pili kile, mashine ile... nikadakia, mashine ina nini, wakatazamana, ikabidi waseme, king'ora chake wamekizima, kilikuwa kinalia hovyo kinamkera daktari wa Ijumaa, ana haraka yule, hataki kuulizwa, na mimi na darasa langu la saba nikauliza, king'ora si ndicho kinacholia mtu akikosa pumzi, na Rachel akasema, mama, chumvi iko wapi, chumvi! iko mbele ya pua yake... ndiye huyo Rachel anaingia sasa, viatu vyake vya plastiki navijua hata nikifumba macho, hanitazami, anapita kitanda changu kama anapita kwa jirani waliyegombana naye, anakwenda kwa huyu mama wa pembeni, Swabaha, Mama Kauthar wa Maji ya Chai, anauzia ndizi abiria wa mabasi, tangu asubuhi ananipigia soga, bibi wewe tezi lako la kulia mimi la kushoto, tungeolewa na mtu mmoja tungempa mizani, mwanamke wa kucheka na njaa huyo, na Rachel anainama anamwambia kwa ile sauti ya kazini, laini kama pamba, Mama Kauthar, samahani sana, leo imeingia dharura, wewe tumekusogeza mpaka... dharura! dharura ndiyo mimi, Godwin, mimi mwenye tezi tangu Rachel anavaa sketi ya shule, nimeingia leo kwa haraka ya moto, na huyu aliyefunga tangu jana kwa kuambiwa ni zamu yake anatolewa kama kuku kwenye tenga, anasogezwa mpaka... Ijumaa, kasema Ijumaa, na yule mama anatabasamu, looh, anatabasamu! si vibaya dada yangu, Ijumaa siku njema, mume wangu akitoka kuswali atakuwa ameshaniombea, na Rachel anaitikia, ndiyo mama, siku njema, na mkono wake umeshika chuma cha kitanda mpaka vidole vimekuwa vyeupe... unamkumbuka muuza nyama wa Elerai, kila siku nyama safi mama, nyama ya leo hii, mpaka nikamwona mke wake anapita na kikapu anakwenda kununua bucha ya pili, nikamwambia mimi namfuata mkeo, na wewe ukanikemea barabarani nisiharibu biashara ya watu, haya, hawa ndio wale wale, wanavaa vinyago vya mdomo, wananawa mpaka kwenye kiwiko, ukiwauliza hapa kuna usalama watakuambia upo, tunajitahidi, na kila mmoja kikapu chake kinakwenda Jumanne, wabaya si wabaya, Najim si mbaya, Rachel nimemzaa mimi, Kisioki alisema, nesi mrefu yule, alisimama kwenye kikao akasema king'ora kirudishwe kabla mtu hajafa, leo yuko stoo anakunja mashuka, na Rachel ananiambia, mama, sisi tukisema wanatafuta aliyesema, hawatafuti king'ora, na nilimwelewa, sitajifanya, nilimwelewa na loshoro nikala nikashiba, nikafurahi kuwa na mtu ndani, asiye na mtu ndani afanyeje, asiye na mtu ndani ndiye wa Ijumaa... bibi, tuombeane, ananiambia Mama Kauthar, anakusanya khanga yake, shingo imevimba pale sauti inapotokea, nimwambie nini, nimwambie usije, akatolewe wapi hilo tezi, sokoni? nikinong'ona atauliza nani kakuambia, na jioni Rachel anakunja mashuka na Kisioki, na Ijumaa ataletwa mwingine, na king'ora bubu... sasa sikia, mbishi wewe, hapa ndipo ulikuwa unanizidi sauti siku zote, Rachel mdomo wake hufunguka kwa mtu wake, si ndiyo? haufunguki kwa mtu wa Maji ya Chai, basi mtu wake akilazwa chumba cha pili? hapo atakunja shuka gani, hapo atapiga kelele au atanizika, kimoja kati ya hivyo, na mimi nimeshaishi, ingawa kufa sitaki, nisikudanganye, kufa kwa uvivu wa watu sitaki kabisa, nashuka kitandani, sakafu baridi kama mtaro wa Meru asubuhi...

Nimesema, Rachel, huyu ataingia leo, ni zamu yake, Ijumaa nitakuja mimi. Mama, rudi kitandani, ananiambia, bado hanitazami, Ijumaa haiwezekani. Kwa nini haiwezekani, si umesema siku njema? Mama, tafadhali. Haiwezekani kwa nini, mwanangu, usiniambie mimi, mimi najua, mwambie huyu... na Mama Kauthar anamtazama yeye, ananitazama mimi, kicheko kimemkauka mdomoni, kuna nini Ijumaa, dada? na Rachel amesimama pale pale, mkono kwenye chuma kile kile, mama, gauni lako liko wazi nyuma, hilo ndilo alilolipata, basi waone, nimemwambia, mgongo wa kizee haujamuua mtu, na nimetoka, ukutani nikijishika, nimeuvuta mlango mpaka kitasa kimelia, nimewaacha humo ndani, wao na swali lao.