Kinachomtetemesha Pamba

Fundi cherehani alikuwa na sungura mmoja, Pamba, aliyekuwa akimlalia miguuni kila mume alipokuwa safarini, na tofauti na mume, hakuwahi kuuliza chai iko wapi. Wiki hiyo Pamba akaanza kutetemeka, kuanzia masikioni hadi kwenye kile kipande anachokiita mkia.

"Homa hiyo," alisema wifi yake, aliyekuwa akija kila asubuhi kumletea mama yake dawa ya presha. "Mama, ulale nyumba moja na mnyama mgonjwa? Nimeshaongea na mwenye bucha."

Mama mkwe, mwenye nyumba na mwenye neno la mwisho, akakaza kilemba. "Mkwe wangu, nakupa mpaka adhuhuri. Akiendelea hivi, aende."

Fundi alitaka kujaribu kila tiba papo hapo. Lakini kazi alijifunza kwa makofi: zamani aliwahi kubadilisha sindano, uzi na mkanda wa mashine ya bosi kwa mpigo mmoja, kisha asijue kibovu kilikuwa kipi. Alifukuzwa viatu mkononi. Tangu siku hiyo, kitu kimoja kwa wakati.

Akasimamisha cherehani, labda ni mtikisiko wake. Pamba akatetemeka. Akamfunika blanketi, labda ni baridi. Akatetemeka ndani ya blanketi. Akammulika masikio kwa tochi: hakuna utitiri, hakuna kidonda.

"Mpime na kiuno, umshonee suruali," wifi akacheka, akajitupia upya mtandio wake wa sufu begani.

Pamba akajibana kwenye kona, macho yamemtoka pima.

Fundi akaliona hilo. "Wifi yangu mzuri, hebu toka nje kidogo."

"Mimi? Nimekuwa inzi?"

"Toka tu, wifi."

Akatoka akisonya. Dakika tano, kumi. Mtetemo ukapungua, ukaisha. Fundi akamwita arudi, mtandio auache nje. Pamba ametulia, tena akaanza kutafuna majani. Haya, mtandio uingie peke yake. Loo! Masikio hadi mkia!

"Wifi, kwako huu mtandio unalaliwa na nani?"

Wifi akajikuna shavu. "Nimechukua paka wiki iliyopita. Basi kaupenda, hatoki humo."

"Pamba haumwi. Ananusa paka, anadhani ameshaingia ndani. Nani hangetetemeka?"

Mama mkwe alicheka mpaka kilemba kikamwangukia. "Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema. Kumbe cha mwenzako nacho ki nguoni mwako! Binti yangu, kesho uje, mtandio ubaki kwenu. Na mwenye bucha kamwambie atafute kazi nyingine."

Fundi akambeba Pamba juu juu kama kombe, akapiga kigelegele hadi jirani akachungulia dirishani.

"Kuna nini huko? Nani kaolewa?"

"Hakuna aliyeolewa!" fundi akajibu. "Kuna aliyepona bila kuugua!"